Endara si Amadinda

Kikundi cha kwetu Bwera kikipanda jukwaani Kampala, mshereheshaji hutangaza: "Na sasa, amadinda kutoka Kasese!" Kasese hakuna amadinda. Sisi Bakonzo tuna endara.

Kosa lenyewe nalijua lilikoanzia. Zote mbili ni marimba za vibao vinene vinavyolazwa juu ya magogo ya mgomba. Evaristo Muyinda, mpigaji wa ikulu ya Kabaka, mfalme wa Baganda, aliwafundisha wengi amadinda katika Makumbusho ya Uganda. Ikaingia shuleni, na jina lake likazimeza nyingine. Simlaumu. Baganda nao waliona wapigaji wao wakitawanyika ikulu hiyo ya Mengo iliposhambuliwa Mei 1966. Ila wasikilizaji wajue kutofautisha: amadinda ina vibao 12 na wapigaji 3, akadinda ina 17 au 22, embaire ya Busoga mara nyingi huwekwa juu ya shimo, mlio ukapanda kutoka ardhini.

 

Mjomba wangu, mchonga endara, hakuwa na kipimo. Alishika kibao kikavu kwa vidole viwili, karibu robo ya urefu wake, akakigonga kwa kifundo cha kidole, sikio limeinama. Mlio ukiwa juu mno, alichonga kwa tezo upande wa chini, katikati, maganda mawili matatu, akagonga tena. Ukishuka kupita kiasi, alipunguza ncha, ukapanda. Kibao kimoja kiliweza kummalizia asubuhi nzima. Alikilinganisha na vibao vya baba yake, vilivyotundikwa jikoni juu ya moshi. Sauti ya ukoo ilirithiwa namna hiyo.

Siku ya matanga vijana walibeba vibao begani hadi kwa wafiwa. Migomba ilikatwa palepale, ingali inatoa maji, vijiti vikachomekwa ili vibao visigusane, wapigaji wakaketi bega kwa bega hadi alfajiri. Asubuhi vibao vilirudi nyumbani, magogo yakaachiwa mbuzi. Siku hizi hukodishwa spika. Mpwa wangu alipoona vibao msibani aliniuliza, "Mjomba, hizi mbao si za wale wa maigizo?" Nilishindwa kumjibu.

Nilipokuwa mwanafunzi niliazima vibao kwa mjomba kwa ajili ya mashindano. Mwalimu mmoja akaleta kinanda, akasema vibao vyetu vimekosea, tuvichonge vifuate do-re-mi. Tulichonga kwa bidii, tukasifiwa. Nilipovirudisha, mjomba alikigonga cha kwanza, akagonga cha pili, akaviweka chini. Hakunikemea. Ubao ukishachongwa katikati unaweza kuuhangaikia kwenye ncha, lakini mlio alioujua babu yangu haukurudi.

Vibao vinne hatukuwahi kuvigusa. Bado viko jikoni kwa mkaza mjomba, vyeusi kwa masizi, na nimemwomba asiruhusu mtu avifanye kuni.