Siku za mwisho Dubai: panga pesa zako kabla ya kupanda ndege

Miezi miwili imeyoyoma. Ulienda kumtembelea dada anayefanya kazi Dubai, mkazunguka Deira mpaka miguu ikafa ganzi, na sasa tiketi inasema Jumapili. Begi liko wazi sebuleni, WhatsApp ya familia haitulii ("si unakumbuka ile simu niliyokuambia?"), na mfukoni kuna dirhamu ambazo hujazihesabu tangu wiki jana. Kabla ya safari watu hujipanga vizuri sana. Kwa safari ya kurudi hakuna anayejipanga, na hapo ndipo pesa huvuja. Hebu tuziangalie hizi siku tatu za mwisho pamoja.

Kwanza toa pasipoti uangalie viza. Siku 60 huhesabiwa kuanzia ulipoingia nchini, na tiketi haihusiki. Ukipitiliza, faini ni dirhamu 50 kwa kila siku. Tukiandika haya, dirhamu moja ilikuwa karibu shilingi 35, kwa hivyo hiyo ni kama 1,750 kwa siku, na hujanunua chochote. Kama ulisogeza tarehe ya ndege ili uhudhurie birthday ya mtoto wa dada, hesabu tena leo.

Sasa pesa za watu. Mjomba alikutumia 10,000 kwenye laini yako ya Kenya umnunulie simu. Hizo ni kama dirhamu 285. Lakini shilingi zake ziko kwenye simu, nawe dukani Deira unalipa kwa dirhamu zako za matumizi. Ukifanyia watu watatu hivyo, utajikuta siku mbili kabla ya safari una shilingi za kutosha Kenya na huna nauli ya teksi Dubai. Andika kwenye karatasi: nani ametuma, kiasi gani, kitu gani. Na yule wa "nunua tu, nitakurudishia ukifika"? Mwambie atume kwanza. Laini yako ikiwa hai, pesa zitaingia hata kama simu imezimwa, kwa hivyo hana kisingizio. Tunajua si rahisi kumwambia shangazi hivyo. Lakini ni rahisi kuliko kumdai baadaye.

Hapa ndipo watu wengi hutafuta njia ya mkato, na hapa tunaomba usome polepole. Kwenye makundi ya Wakenya walioko Ghuba, siku zako za mwisho zikifika, hakosi mtu wa kukuambia: "Una dirhamu zimebaki? Nipe hapa, nikutumie shillings kwa simu sasa hivi. Rate yangu ni poa kuliko ya dukani." Mnakutana nje ya kituo cha metro. Unampa dirhamu 1,500. Simu yako inalia, ujumbe unasema umepokea 54,000. Mnaagana, anakutakia safari njema. Usiku ukiangalia salio, hakuna kitu. Ujumbe ulitoka kwenye namba ya kawaida tu, umepangwa maneno yafanane na yetu.

Kinachofanya wizi huu ufanikiwe ni tarehe yako ya ndege. Anajua Jumapili unaondoka. Hutakaa kumtafuta, na hata ukienda polisi itabidi ueleze kwa nini ulibadilisha pesa na mtu asiye na leseni, jambo ambalo kule ni kosa. Kwa hivyo, hata awe rafiki wa rafiki, ujumbe peke yake usikutoshe. Fungua menyu yako mwenyewe, weka namba ya siri, uangalie salio. Halafu kuna wale wanaotuma pesa kweli na kuomba zirudishwe baada ya wewe kuondoka. Huyo naye dawa yake ni moja tu: usianze biashara hiyo.

Njia salama ni duka la kubadilisha fedha lenye leseni. Yamejaa Deira, Satwa na kwenye maduka makubwa, na mengi hutuma moja kwa moja hadi kwenye akaunti ya simu Kenya. Nenda na pasipoti. Uliza maswali mawili kwa pamoja: ada ni ngapi, na nyumbani zitaingia shilingi ngapi? Swali la pili ndilo muhimu, maana duka linaweza kusema halina ada huku limejilipa kwenye kiwango. Nenda Alhamisi au Ijumaa asubuhi. Ijumaa mchana maduka mengi hufunga wakati wa swala, na pesa ikikwama utataka siku moja ya kuifuatilia ukiwa bado huko na risiti mkononi.

Hakikisha pia jina ulilosajilia laini linafanana na lile unalompa mhudumu. Na angalia nafasi. Akaunti nyingi za simu nchini zina kikomo cha salio cha shilingi 500,000, na 250,000 kwa muamala mmoja. Kama umepokea pesa za watu wengi, unaweza kukaribia bila kujua, na pesa zikikosa nafasi hazitaingia.

Wengine hubadilisha dirhamu ziwe dola kwanza, eti dola hazishuki. Dirhamu imefungwa kwa dola tangu 1997, dola moja kwa 3.6725, kwa hivyo hakuna unachokinga. Unalipa faida ya duka mara mbili, Dubai na tena Nairobi.

Sarafu usibebe. Maduka ya fedha Kenya hununua noti. Zile za dirhamu moja zipeleke kwenye mto, abra ya kuvuka kutoka Deira hadi Bur Dubai ni dirhamu moja tu, na ni matembezi mazuri ya jioni ya mwisho. Kadi ya nol yenye salio mwachie dada, ataitumia kwenye metro.

Kuna pesa nyingine ambayo wengi huiacha: kodi ya VAT ya asilimia 5. Mgeni anaweza kurudishiwa ikiwa amenunua vitu vya angalau dirhamu 250 katika duka lililosajiliwa na akamwambia mhudumu wakati wa kulipa, pasipoti mkononi. Risiti ya dada haikusaidii, yeye ni mkaazi. Kwenye manunuzi ya 1,000 kodi ni karibu dirhamu 48, na kuna makato kidogo, kwa hivyo usitarajie maajabu. Ila kumbuka hili: uwanja wa ndege, pitia kaunta ya kodi kabla ya kukabidhi begi, maana wanaweza kutaka kuona vitu vyenyewe. Begi likishaenda, basi.

Ukibeba pesa taslimu za kufikia dola 10,000 au zaidi, zikiwemo za kupelekea watu, lazima uzitangaze ukiingia Kenya. Na kifurushi ambacho hukukifunga mwenyewe, hata kiwe cha nani, kiache. Mifuko ya plastiki ya madukani nayo iache, marufuku yetu ya 2017 bado ipo na JKIA wataichukua.

Jambo la mwisho linahusu laini yako. Kama ulitoa ya Kenya ukaweka ya Dubai, irudishe kwenye simu usiku wa kuamkia safari, uwashe, na uhakikishe bado unaikumbuka namba ya siri. Miezi miwili inatosha kuisahau, na ukikosea mara kadhaa itafungwa. Acha angalau 3,000 kwenye salio. Ndege ikitua JKIA saa nane usiku utataka kulipa teksi ya kwenda Donholm, mawakala wa mtaani watakuwa wamelala, na dereva hatataka dirhamu.