Kabureta na Kugonga kwa Injini katika Pikipiki Kuukuu za Bunia

Pikipiki kuukuu zinazobeba abiria na mizigo mjini Bunia, makao makuu ya jimbo la Ituri, hutegemea kabureta, yaani kifaa kinachochanganya petroli, au esansi kama inavyoitwa huko, na hewa kabla ya kuingia katika silinda. Ili gramu 1 ya petroli iungue kikamilifu, huhitajika takriban gramu 14.7 za hewa, lakini uwiano unaotolewa na kabureta huyumba kadiri mwinuko wa nchi unavyobadilika. Bunia iko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi, ilhali Kasenyi, kando ya Ziwa Albert, iko karibu mita 620. Kwa hiyo kabureta iliyopunguziwa petroli ili ifae mjini huweza kuipa injini petroli haba inaposhuka ziwani.

Marekebisho hutanguliwa na kusafisha chujio la hewa, kwa kuwa vumbi likiliziba petroli huzidi, na kukagua mpira unaounganisha kabureta na silinda, kwa kuwa ukipasuka hewa huzidi. Ndipo injini, ikiwa imepata moto, huachwa ingurume bila mzigo, na skrubu ya mchanganyiko huzungushwa polepole hadi mngurumo uwe wa kasi na laini kuliko yote. Hata hivyo, skrubu hiyo hutawala mngurumo wa chini tu. Mkono wa mafuta ukifunguliwa, kipimo hushikwa na sindano ya kabureta, na ukifunguliwa kabisa, na jikleri kuu, yaani tundu dogo linalopitisha petroli.

Kugonga nako kuna asili mbili. Kwanza, sehemu ya mchanganyiko huweza kulipuka yenyewe kabla ya kufikiwa na moto wa plagi, au buji, na mlio mkali husikika pikipiki inapopanda mlima ikiwa na mzigo. Husababishwa na petroli iliyotiwa mafuta ya taa, cheche inayotangulia mno, masizi juu ya pistoni, joto kali au petroli haba. Pili, vyuma vilivyolika hugongana: pistoni iliyolegea hugonga injini ikiwa baridi na hutulia ikipata moto, vali zenye nafasi kubwa hulia kwa wepesi upande wa juu, na beringi ya fimbo ya pistoni hutoa mshindo mzito chini, ambao humlazimu dereva kuzima injini mara moja.

Kwa hiyo, fundi anayezungusha skrubu ili kutibu mlio wa mlimani hupoteza muda, na anayefungua injini kabla ya kukagua petroli, cheche na rangi ya plagi, ambayo ikiwa nyeupe huashiria petroli haba na ikiwa nyeusi yenye masizi huashiria petroli nyingi, humtwisha mwenye pikipiki gharama isiyo ya lazima. Kubadilisha jambo moja kwa wakati mmoja, kisha kuijaribu pikipiki ikiwa na mzigo, ndiyo njia ya kuhakikisha kwamba kilichotengenezwa ndicho kilichokuwa kibovu.