Dawa Inayoingia Ndani ya Mmea

Leo twataka kueleza habari za namna moja ya dawa ya wadudu, ambayo wengi huitumia bustanini pasipo kuijua tabia yake.

Dawa za wadudu zaweza kugawanywa mafungu mawili. Za fungu la kwanza hukaa juu ya jani, na mvua kubwa ikinyesha huweza kuoshwa. Za fungu la pili huingia ndani ya mmea. Hunyunyizwa majanini, au humwagwa penye mizizi, au hupakwa mbegu kabla ya kupandwa. Mmea huinywa dawa pamoja na maji, ikapanda shinani mpaka majani machanga. Vidukari na inzi weupe, ambao chakula chao ni utomvu, hufyonza na sumu wakafa, hata wakijificha chini ya jani mahali bomba lisipofika. Mojawapo ya dawa hizo ni imidaklopridi, iliyoanza kuuzwa katika miaka ya 1990.

Hiyo ndiyo faida yake, na hiyo hiyo ndiyo hatari yake. Dawa iliyokwisha kuingia ni kama chumvi iliyoyeyuka katika mchuzi: hakuna awezaye kuiosha ikatoka.

Sikilizeni yaliyotukia Marekani mwaka 1985. Katika jimbo la California yalionekana matikiti maji yenye dawa iitwayo aldikabi, ambayo haikuruhusiwa kutumiwa kwa matikiti. Kwa macho yalikuwa mazuri. Lakini waliokula walishikwa na kichefuchefu, wakatapika, wakahara, wakatoka jasho jingi. Watu zaidi ya 1,000 katika Marekani na Kanada waliarifiwa kuugua, na matikiti mengi yakaharibiwa.

Tena, dawa hufika hata katika maua, na nyuki huja kutafuta asali na unga wa maua. Nyuki wakifa, maboga na matango yetu hayazai vema. Kwa sababu ya hatari hiyo, mwaka 2018 Umoja wa Ulaya ulikataza imidaklopridi na dawa mbili za jamaa yake zisitumiwe katika mashamba ya wazi.

Je, mwenye bustani afanyeje? Kwanza, asome karatasi iliyobandikwa juu ya chupa. Ikiwa mmea wake haukutajwa, asiitie dawa hiyo. Pili, azihesabu siku zilizoandikwa za kungoja kabla ya kuvuna, asipunguze hata moja. Tatu, asiitumie mimea inapochanua. Nne, avae mipira ya mikono, wala asitie dawa katika chupa ya soda, mtoto asije akainywa.

Na kwa mchicha na mboga nyingine zinazochumwa mara kwa mara, afadhali kuacha dawa hizi kabisa, kwa kuwa siku za kungoja hazipatikani. Vidukari wachache waweza kuwaponda kwa vidole, au kuwaangusha kwa maji yenye nguvu. Usiwaue wale mbawakawa wadogo wekundu wenye madoa meusi. Wao hula vidukari, nao ni vibarua wasiodai ujira.

Basi, kabla ya kuunywesha mmea dawa, jiulize: Ni nani atakayeula mmea huu, na lini?