Bima Inapopitia Mkononi mwa Mwajiri

Mama anayetaka kitanzi nchini Tanzania huenda kituo cha afya cha serikali, hukaa kwenye benchi na wenzake, zamu yake ikifika akahudumiwa. Kwa mujibu wa sera, huduma za uzazi wa mpango katika vituo vya umma hazilipiwi. Kitanzi hicho hicho, kijidude chenye umbo la herufi T na kifupi kuliko kidole, mwaka 2014 kilifikishwa mbele ya majaji tisa wa Mahakama ya Juu ya Marekani. Jaji Ruth Bader Ginsburg aliwakumbusha wenzake kwamba kuwekewa kifaa hicho kunakaribia kumgharimu mfanyakazi wa kima cha chini mshahara wake wa mwezi mzima. Aliyabishania hayo kwa sababu mwajiri mmoja alikuwa amekataa, kwa ajili ya dini yake, kukiweka katika bima ya wafanyakazi wake.

Wasomaji wenye ndugu huko huniuliza: dini ya bosi inaingiaje kwenye dawa ya karani wake?

Jibu linaanzia vitani. Mwaka 1942, Marekani ikiwa katika Vita Kuu ya Pili, Bunge lilipitisha sheria ya kudhibiti bei na mishahara ili mfumuko wa bei usiitafune nchi. Vijana walikuwa mstari wa mbele, viwanda vilihitaji watu, na mwajiri hakuruhusiwa kumvuta fundi kwa kumwongezea mshahara. Mafao ya bima, hata hivyo, hayakuhesabiwa kuwa mshahara. Waajiri wakaanza kushindana kwa bima. Mwaka 1954 sheria ya kodi ikatia muhuri: mchango wa mwajiri kwenye bima ya afya hautozwi kodi kama kipato cha mfanyakazi. Njia ya kukwepa kikwazo cha wakati wa vita ikageuka nguzo ya nyumba. Leo zaidi ya watu milioni 150 nchini humo wana bima kupitia kazi, iwe yao wenyewe, ya mwenza au ya mzazi.

Nguzo hiyo ina kasoro moja ambayo wengi hawaioni. Kwenye hesabu za uchumi, fedha ambazo mwajiri anapeleka kwenye bima ni sehemu ya ujira, kwa maana kila dola inayokwenda huko ni dola ambayo haikuingia kwenye mshahara. Lakini haipiti mfukoni mwa mfanyakazi hata siku moja. Inapita mkononi mwa mwajiri, naye ndiye anayechagua kitita cha mafao. Kampuni nyingi kubwa hata hazinunui bima. Hulipa matibabu zenyewe kutoka mfuko wao, na shirika la bima hubaki kushughulikia makaratasi tu. Mwenye kampuni ya namna hiyo akiiona ankara ya dawa anayoiamini kuwa dhambi, anaona fedha yake ndiyo inayoilipa. Hisia hiyo naielewa, na sidhani inafaa kubezwa.

Sheria ya Huduma Nafuu za Afya, ile inayoitwa Obamacare, ilisainiwa Machi 2010. Ilitaka bima zigharimie huduma za kinga bila mgonjwa kuchangia chochote dirishani. Mwaka uliofuata serikali ikatamka kwamba kwa wanawake kinga hiyo ni pamoja na njia zote za kuzuia mimba zilizoidhinishwa na mamlaka ya dawa, nazo zilikuwa 20. Makanisa na nyumba nyingine za ibada zilisamehewa tangu mwanzo. Kampuni za biashara hazikusamehewa.

Ndipo ikaja mahakamani familia ya Green ya Oklahoma City. David Green alianza mwaka 1970 kwa mkopo wa dola 600, akitengeneza fremu ndogo za picha nyumbani kwake. Kufikia kesi hiyo kampuni yake, Hobby Lobby, ilikuwa na maduka zaidi ya 500 ya vifaa vya kazi za mikono, yenye wafanyakazi zaidi ya 13,000, na Jumapili yote yanafungwa. Kando yake walisimama akina Hahn wa Pennsylvania, Wamenoni wenye kiwanda cha mbao za makabati kinachoitwa Conestoga. Wasomaji wa Mara wanawajua Wamenoni: wamishenari wao kutoka Pennsylvania hiyo hiyo walifika Shirati mwaka 1934, na hospitali yao ipo hadi leo.

Familia hizi hazikupinga uzazi wa mpango wote. Katika njia 20 zilikataa nne: vitanzi vya aina mbili, na vidonge vya dharura vya aina mbili, kimojawapo kikiwa na dawa ile ile iliyomo kwenye P2 inayouzwa katika maduka ya dawa Dar es Salaam na Nairobi. Imani yao ni kwamba uhai wa mtu huanza yai linaporutubishwa, na walishika kwamba njia hizo nne zinaweza kulizuia yai lililokwisha kurutubishwa lisijishikize kwenye mji wa mimba. Wataalamu wa uzazi wanaeleza kwamba P2 hufanya kazi hasa kwa kuchelewesha yai kutoka, na kitanzi cha shaba hasa kwa kuzikwamisha mbegu za kiume kabla hazijalifikia. Mahakama haikuingia kwenye mzozo huo. Kwa desturi ya sheria za huko, hakimu hapimi kama imani ni kweli au si kweli. Anapima kama anayeidai anaiamini kwa dhati. Juu ya dhati ya akina Green na akina Hahn hata serikali haikubisha.

Silaha waliyoitumia ni sheria ambayo wakati inatungwa watu walifikiria wanyonge. Wanaume wawili wa Oregon walifukuzwa kazi kwa kutumia peyote, mmea wa jamii ya mpungate unaolevya, katika ibada ya Kanisa la Wenyeji wa Marekani, kisha wakanyimwa malipo ya kukosa ajira. Mwaka 1990 Mahakama ya Juu ilisema sheria inayomhusu kila mtu haiwi batili kwa sababu tu imegusa dini ya mtu mmoja. Uamuzi huo uliwashtua watu wa dini zote na wanasiasa wa pande zote. Mwaka 1993 Bunge likapitisha, na Rais Bill Clinton akasaini, Sheria ya Kurejesha Uhuru wa Dini. Inasema serikali kuu isimtwishe mtu mzigo mkubwa katika dini yake, ila iwe na sababu nzito mno, na hata hapo itumie njia inayobana dini kidogo kuliko nyingine zote.

Tarehe 30 Juni 2014, kwa majaji watano dhidi ya wanne, kampuni zilishinda. Jaji Samuel Alito, aliyeandika hukumu, alianza na neno “mtu”. Kwa tafsiri ya sheria za Marekani, kampuni nayo huhesabiwa mtu, na kuilinda dini ya kampuni inayomilikiwa na watu wachache wa karibu ni kuwalinda watu hao. Mzigo ulikuwa mkubwa: Hobby Lobby ingeendelea kutoa bima bila njia zile nne, faini ingeweza kufika dola milioni 475 kwa mwaka, ingeiondoa bima kabisa, ingelipa kama milioni 26. Kuhusu sababu ya serikali, Alito alikubali kwa ajili ya hoja kwamba ni nzito. Serikali ilikwama kwenye sharti la mwisho. Njia isiyobana sana ilikuwapo, tena serikali yenyewe ndiyo iliyoibuni kwa ajili ya vyuo na mashirika ya dini yasiyo ya biashara. Shirika lisilotaka kugharimia linajaza fomu, kisha kampuni ya bima inawapa wanawake huduma hizo yenyewe, bila senti ya shirika. Kwa nini, akauliza, wafanyabiashara nao wasipewe mlango huo?

Ginsburg aliandika kwa ukali kuwapinga. Alisema dini hukusanya watu wa imani moja. Kampuni ya biashara huajiri watu wa kila imani, na haiwezi kuwageuza wote waumini wa mwenye duka. Kisha akauliza mstari utachorwa wapi. Vipi mwajiri ambaye ni Shahidi wa Yehova, asiyekubali kuongezewa damu? Vipi Mwislamu, Myahudi au Mhindu mbele ya dawa zinazotokana na nguruwe, pamoja na vidonge vilivyofunikwa kwa jelatini? Sisi wa pwani swali la jelatini si geni. Mgonjwa Mwislamu anayeuliza kidonge chake kimefunikwa na nini yuko katika haki yake, na daktari mwema humtafutia kingine. Ginsburg alikuwa na mgonjwa mwingine akilini, yule asiye na tatizo na jelatini ambaye bosi wake ndiye analo. Alito alijibu kwamba hukumu inahusu uzazi wa mpango peke yake, si damu wala chanjo.

Yaliyofuata ndiyo yanayonifanya niitilie shaka hukumu ile zaidi ya hoja zake zenyewe. Mlango ambao Mahakama iliuonyesha kuwa ndio suluhisho ulikuwa tayari unagombewa. Masista Wadogo wa Maskini, shirika la kutunza wazee ambalo hata Kasarani, Nairobi, lina Nyumba ya Wazee, walisema kuijaza fomu ni kushiriki, kwa kuwa saini yao ndiyo inayowasha mtambo. Kesi yao na za wenzao zilifika Mahakama ya Juu mwaka 2016. Majaji walikuwa wanane baada ya kifo cha Antonin Scalia, nao wakazirudisha chini ili pande mbili zijaribu kuelewana. Oktoba 2017 serikali ya Donald Trump ikatoa kanuni mpya: mwajiri mwenye pingamizi la kidini anajitoa moja kwa moja, na kujaza fomu ni hiari yake. Asipoijaza, mfanyakazi habaki na njia ya pembeni.

Mei 2020 shauri la kanuni hizo lilisikilizwa kwa simu kwa sababu ya korona, Ginsburg akiuliza maswali kutoka kitanda cha hospitali. Julai, kwa saba dhidi ya wawili, Mahakama ilisema serikali ilikuwa na mamlaka ya kuzitunga. Katika maandishi yake ya kupinga Ginsburg alitaja makadirio ya serikali yenyewe: kati ya wanawake 70,500 na 126,400 wangepoteza huduma hiyo mara moja. Alifariki Septemba mwaka huo. Ile “njia isiyobana sana” ya mwaka 2014 ilikuwa imeachwa kwenye hiari ya mwajiri.

Hoja nayo imevuka uzazi wa mpango. Huko Texas kampuni iitwayo Braidwood ilikataa kugharimia PrEP, vidonge vya kuzuia maambukizi ya VVU, kwa kuwa mmiliki aliona vinamshirikisha katika ngono na mienendo anayoipinga. Mwaka 2022 hakimu wa serikali kuu alimpa haki chini ya sheria ile ile ya 1993. Mwaka 2025 kesi ilifika Mahakama ya Juu kwa swali jingine, la uhalali wa jopo linalopanga huduma za kinga. Jopo likaokoka, na waajiri wengine bado wanabanwa kuilipia PrEP. Klinikini kwetu PrEP hupewa pia mke ambaye mumewe ana VVU naye hana. Mmiliki anapoikataa kwa sababu ya watu anaowafikiria, mke wa namna hiyo naye anakatiwa.

Mimi naona mstari ulikwisha kuchorwa mwaka 1982. Mwajiri wa jamii ya Waamish, ambao dini yao inawataka watunzane wenyewe, alikataa kulipa kodi ya hifadhi ya jamii kwa wafanyakazi wake. Mahakama ya Juu ilimkatalia, hakuna jaji aliyempa haki. Jaji Mkuu Warren Burger alieleza kwamba anayeingia kwenye biashara kwa hiari yake hawezi kuitwika dini yake shingoni mwa anaowaajiri. Alito alisema kesi ile ilihusu kodi, na kodi haiwezi kuwa na mwanya kwa kila imani. Mimi naona inafaa na hapa. Karani wa Hobby Lobby akichukua mshahara wake Ijumaa akanunua kidonge cha dharura, hakuna anayesema bwana Green ameshiriki. Bima nayo ameitolea jasho lile lile.

Kenya na Tanzania mgogoro huu hauna pa kushikia, angalau katika mifuko ya umma. Mkenya aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa ajili ya bima ya afya ya jamii. Mtumishi wa umma Tanzania huchangia asilimia 3 na mwajiri wake 3 kwenye NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya. Dini ya mwajiri haiulizwi, maana mafao hupangwa na mfuko. Kwetu imani huingilia mlango mwingine, wa hospitali: ukienda hospitali ya Kanisa Katoliki utafundishwa kalenda na dalili za mwili, hutawekewa kitanzi. Lakini hufungiwi kituo cha serikali kwa sababu hiyo.

Kwa ndugu walioko Marekani wanaoanza kazi mpya, kwenye nyumba ya wazee, shule au kiwanda cha familia, muulizeni ofisa rasilimali watu maswali mawili kabla ya kusaini. Bima hii ina msamaha wa kidini, na unagusa huduma zipi? Na je, kampuni inajilipia yenyewe matibabu, au imenunua bima? La pili lina uzito zaidi kuliko linavyosikika. Majimbo kadhaa yana sheria zake zinazolazimisha bima kugharimia uzazi wa mpango, lakini kwa sheria ya serikali kuu ya mwaka 1974 majimbo hayawezi kuzigusa bima ambazo kampuni inajilipia yenyewe. Jibu likiwa baya, tafuteni kliniki za Title X, mpango wa serikali kuu ulioanza mwaka 1970. Hizo hutoza kulingana na kipato, na hazimuulizi mtu anafanya kazi kwa nani.