Lamineti Garissa: kabla hujalipa, fikiria maji

Umeiona TikTok. Sebule imetulia, sakafu ya rangi ya mbao inang'aa, mtu anatembea miguu mitupu na kikombe cha chai mkononi. Ukapiga hesabu kichwani, ukajiambia: hata mimi hapa Garissa naweza. Pengine unamalizia nyumba kwenye ploti ya mzee. Pengine harusi iko karibu, na unajua vizuri wageni wakishavua viatu mlangoni wataangalia chini kabla ya kuangalia mapazia. Kwetu sakafu ndiyo kiti. Watu watakaa hapo, watakula hapo, watoto watalala hapo mchana.

Sawa, lakini sakafu si simu kwamba ukichoka nayo unauza. Ikiharibika, pesa yako ya miezi kadhaa imelala pale chini na unaikanyaga kila asubuhi. Kwa hivyo wacha tuongee kabla hujatuma M-Pesa.

Kwanza, hiyo unayoiita mbao ni picha ya mbao. Juu kuna utando mgumu unaozuia mikwaruzo, chini yake karatasi iliyochapishwa, halafu katikati ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa na gundi. Kampuni ya Perstorp ya Uswidi ndiyo iliyoivumbua mwaka 1977, na ikaanza kuuzwa Ulaya 1984 kwa jina la Pergo. Yaani ni kitu cha nchi ya baridi, ambako mtu anatafuta sakafu isiyogandisha nyayo. Sisi shida yetu ni kinyume kabisa. Joto likifika digrii 35 na mabati juu yanawaka, sakafu ya simiti au vigae ndiyo mahali pa kujinyoosha upate ahueni. Lamineti haichomi, lakini ule ubaridi wa kigae usiutarajie. Hilo muuzaji hatakuambia.

Jambo la pili ni maji, na hapa ndipo wengi wanalia. Ule ubao wa katikati ukinywa maji unavimba kwenye maungio, kingo zinainuka, na ukikauka haurudi ulivyokuwa. Sasa fikiria nyumba yako ilivyo. Watu wanatoka kutawadha nyayo zikidondosha maji, mara tano kwa siku, wakipita njia ile ile kutoka bafuni. Mchanga ukijaa, mama anamwaga ndoo ya maji na sabuni, anasukuma na ufagio mpaka nje. Hiyo ndoo moja kwenye lamineti ya kawaida ni msiba. Utafagia kwa ufagio laini na kupangusa kwa kitambaa kilichokamuliwa sawasawa, basi. Kama kuna mtu nyumbani ambaye hatakubali kuacha ndoo (na unamjua), usipoteze pesa.

Halafu kuna maji ya mto. Novemba 2023 mvua za El Niño zilipoijaza Tana, barabara ya kwenda Nairobi ilikatika pale Mororo. Aprili 2024 ikakatika tena, watu wakavushwa kwa mashua. Na hata kukiwa kukavu hapa, mabwawa ya Seven Forks kule juu yakifurika maji yanatushukia sisi. Kama mtaa wako ni wa karibu na mto na maji yalishawahi kuingia ndani, lamineti sahau. Ni maoni yangu na siyabadilishi. Weka vigae, au simiti iliyolainishwa vizuri na zulia zuri juu yake. Zulia unalikunja na kukimbia nalo.

Kati ya hizo mbili kuna chaguo lingine ambalo madukani linaitwa SPC. Kwa macho ni lamineti tu, na inaungana kwa mtindo ule ule wa kubonyeza kipande kwenye kipande, ila kiini chake ni unga wa mawe uliochanganywa na plastiki. Maji hayaivimbishi. Kwa nyumba nyingi za hapa ningeanza na hiyo, ingawa jua la moja kwa moja dirishani linaweza kuifanya itanuke na kupauka, kwa hivyo pazia ni lazima.

Bado unataka lamineti? Haya. Dukani, iwe hapa mjini au Eastleigh, usidanganywe na rangi. Geuza paketi utafute alama ya AC. AC3 inafaa sebule ya familia, AC4 inastahimili zaidi, na kwa mchanga wetu ningechukua AC4. Mchanga ni msasa tu ndugu yangu, kila hatua inasugua. Unene wa milimita 8 unatosha, 12 ni bora ukiweza. Halafu omba kipande kidogo cha bure, kiloweke kwenye maji usiku kucha, asubuhi pima ukingo na rula. Kikivimba kama mkate kwenye chai, umejua hali.

Hesabu ni rahisi, na hii haihitaji chuo, mimi mwenyewe niliachia njiani. Chumba cha mita 4 kwa 5 ni mita 20 za mraba. Ongeza asilimia 10 ya vipande vitakavyokatwa, unapata 22. Kama paketi moja inafunika mita 2.2, unanunua paketi 10. Ongeza moja uweke stoo, kwa sababu mwaka kesho rangi hiyo huenda isipatikane.

Kuhusu kutandika, usimwachie fundi kila kitu. Simama hapo. Simiti mpya inakaa na unyevu kwa muda mrefu kuliko unavyodhani, hata juu ikionekana kavu. Kata karatasi ya nailoni, ibandike sakafuni kwa selotepu pande zote nne, iache siku nzima. Ukikuta matone chini yake, subiri wiki kadhaa upime tena. Kisha fundi aweke ubao mnyoofu wa mita mbili sakafuni. Bonde likizidi milimita 3 lijazwe, la sivyo vipande vitakuwa vikicheza na kulia kwek kwek ukitembea.

Paketi zilale ndani ya chumba hicho siku mbili bila kufunguliwa ili zizoee hali ya hewa yake. Chini kabisa inatangulia nailoni ya kuzuia unyevu, vipande vyake vikipandana sentimita 20, kisha ile sponji nyembamba, ndipo lamineti. Hazigundishwi wala kupigwa misumari. Safu moja isilingane viungo na safu inayofuata, ziachane angalau sentimita 30.

Na hapa ndipo fundi mwenye haraka anakuharibia. Lazima abakishe nafasi ya kama milimita 10 kati ya sakafu na ukuta, pande zote, hata kwenye fremu ya mlango. Ukavu wa Januari unaikaza, unyevu wa mvua za Aprili na Novemba unaitanua. Ikikosa pa kutanukia inainuka katikati ya sebule kama mgongo wa ngamia. Nafasi hiyo haionekani, inafunikwa na ubao wa chini ya ukuta, na huo ubao unapigiliwa ukutani, si sakafuni.

Mlango je? Milango yetu mingi ya nje ni ya chuma, huwezi kuiranda chini kama ya mbao. Pima nafasi ya chini kabla ya kununua unene wa milimita 12, usije ukatafuta fundi wa kuchomelea siku ya kuhamia.

Unapanga? Ongea na mwenye nyumba, muandikiane. Uzuri ni kwamba sakafu hii haijashikana na nyumba, unaweza kuifungua na kuondoka nayo. Nyanya zetu walivunja aqal, wakapakia mikeka na miti juu ya ngamia, wakaijenga tena kwingine, kwa hivyo wazo la kuhama na nyumba yako si geni huku. Ila funguo za vipande vya bei ya chini huvunjika ukivitoa, basi hesabu kwamba kadhaa vitabaki njiani.

Kitu cha mwisho ni dabqaad. Uunsi ni lazima, najua, nyumba bila uunsi ni kama haina mtu. Lakini kaa moja likidondoka kwenye lamineti linaacha doa jeusi ambalo halifutiki. Nunua sinia ya chuma yenye miguu, chetezo kikae juu yake, na ile paketi ya ziada stoo usimpe jirani.