Krisostomo: Kinywa cha dhahabu kilichowachoma matajiri hadi mwenyewe akafia uhamishoni

KODI mpya ilipotangazwa katika jiji la Antiokia mapema mwaka wa 387 Baada ya Kristo (BK), umati wenye hamaki ulifurika barabarani na kuziangusha sanamu za Kaisari Theodosius na jamaa yake, ikiwemo ya marehemu mkewe, Flaccilla. Enzi hizo sanamu ya mtawala ilihesabiwa kuwa ni mtawala mwenyewe, na kuivunja ulikuwa uhaini. Hasira zilipopoa, hofu ikatanda. Baadhi ya waliokamatwa waliuawa, wenye uwezo wakatoroka mjini, soko likabaki mahame, na waliosalia wakawa wanasubiri siku ambayo majeshi yangekuja kuuteketeza mji.

Askofu Flavian, aliyekuwa mzee na ambaye dada yake alikuwa mahututi kitandani, alifunga safari ndefu kwenda Konstantinopoli kumwangukia mtawala. Kazi ya kuwatuliza watu ikamwangukia padri aliyekuwa na mwaka mmoja tu katika daraja hilo. Jina lake lilikuwa Yohane. Vizazi vya baadaye vilimpa lakabu ya Krisostomo, neno la Kigiriki lenye maana ya kinywa cha dhahabu.

Padri huyo alihubiri Kwaresima yote, na mahubiri yapatayo 21 ya kipindi hicho yangalipo hadi leo. Aliwaliwaza wasikilizaji wake, ila kila mara alirejelea jambo moja ambalo huenda likamshangaza msomaji wa sasa: tabia ya watu wa Antiokia ya kuapa ovyo ovyo. Mji unangoja upanga, naye padri anakemea viapo vya sokoni! Hata hivyo, humo ndimo ulimojificha ufundi wake wa uchungaji. Watu walikuwa wameshikwa na hofu wasiyoweza kuidhibiti, naye akawapa jambo dogo ambalo kila mmoja angeweza kulitenda nyumbani mwake, na mke, watoto na watumishi wakimchunga asirudie. Alikataa hofu ile ipite bure.

Wajumbe wa Kaisari walifunga majumba ya maigizo na hamamu za umma, wakaivua Antiokia hadhi yake ya mji mkuu wa eneo. Lakini kufikia Pasaka Flavian alikuwa amerejea na msamaha. Aliyeanza Kwaresima kama padri mgeni mimbarani aliimaliza akiwa sauti ya jiji zima.

Krisostomo alizaliwa Antiokia, ambayo leo ni Antakya nchini Uturuki, mnamo miaka ya 340. Babake, Secundus, alikuwa ofisa wa jeshi na alifariki mwanawe akiwa mchanga. Mamake, Anthusa, aliachwa mjane akiwa na umri wa miaka 20 hivi, naye akakataa kuolewa tena ili amlee na kumsomesha. Ufasaha alifunzwa na Libanius, bingwa wa usemaji ambaye hakuwa Mkristo. Baadaye kijana huyo alikimbilia milimani kuishi na watawa, na kwa miaka miwili akakaa peke yake pangoni, akijinyima chakula na usingizi hadi tumbo lake likaharibika kwa maisha yake yote. Alirudi mjini mgonjwa, akapewa ushemasi mwaka wa 381 na upadri mwaka wa 386.

Ibada zake hazikuwa za watu kuketi kimya kama maji mtungini. Wasikilizaji walipiga makofi na kushangilia kama waliokuwa kwenye maigizo, jambo lililomkera. Siku moja, alipokuwa akipendekeza iwekwe kanuni ya kukomesha makofi kanisani, alikatizwa na makofi. Mara nyingine aliwaonya waumini waache pesa nyumbani, kwa kuwa wezi wa mifukoni walijipenyeza katika msongamano huku watu wameduwazwa na hotuba. Kuna siku aliyokatiza mahubiri kuwakaripia waliogeuza shingo kumtazama mtumishi aliyekuwa akiwasha taa. Vijambo hivi vinajulikana leo kwa sababu waandishi wa hati mkato walikuwa wakiyanasa maneno yake. Mahubiri yaliyohifadhiwa yanapita 700, yakiwemo 90 juu ya Injili ya Mathayo na 55 juu ya Matendo ya Mitume.

Mada aliyoirudia pasipo kuchoka ni mali. Katika mfululizo wake kuhusu tajiri na Lazaro, kisa kinachosimuliwa katika Injili ya Luka, alitanabahisha kwamba tajiri yule hashtakiwi kwa kumwibia Lazaro wala kumpiga. Kosa lake ni kula na kusaza huku mwenzake akifa njaa langoni. Kwa mantiki hiyo, Krisostomo alishikilia kwamba kukataa kugawa mali ni wizi tosha, hata kama mali hiyo ilichumwa kwa halali, kwa kuwa mwenye mali ni Mungu na tajiri ni wakili tu aliyekabidhiwa fungu la wengine.

Aidha, hakuwavumilia waliomhoji maskini maswali chungu nzima kabla ya kumtupia sarafu: ametoka wapi, mbona hafanyi kazi, je, si mlaghai? Kwake yeye, shida ya mhitaji ndiyo hoja yake, wala hatakiwi kuleta nyingine. Waliojivunia kulizawadia kanisa vikombe vya dhahabu aliwauliza faida ya kuipamba meza ya Kristo ilhali Kristo huyo huyo, katika umbo la fukara, anatetemeka kwa baridi nje ya mlango. Hakupiga marufuku mapambo. Alichotaka ni kwamba mwenye njaa ashibishwe kwanza.

Yapo mahali ambapo mhubiri huyu anaacha mafumbo na kutoa hesabu. Alikadiria kuwa sehemu moja kwa kumi ya watu wa Antiokia walikuwa matajiri, sehemu nyingine moja kwa kumi walikuwa hohehahe, na waliosalia wote walikuwa na riziki ya wastani. Kanisa, ambalo mapato yake hayakuzidi ya tajiri mmoja wa kawaida, lilikuwa likiwalisha wajane na mabikira 3,000 kila siku, mbali na wafungwa, wagonjwa na wasafiri. Akauliza: ikiwa mfuko mmoja unafanya hayo, iweje jiji zima lishindwe? Ni nadra kukuta mhubiri wa karne ya nne akijenga hoja kwa tarakimu, na ndiyo maana wanahistoria wa uchumi wa kale nao humsoma.

Mafunzo yake kwa familia nayo yalikuwa ya kutendeka. Aliiita nyumba ya Mkristo kanisa dogo, akawataka wazazi wafikapo nyumbani wayarudie masomo ya siku hiyo pamoja na watoto. Alishauri kila mtu aweke kando ya mahali anaposalia kisanduku cha akiba ya maskini, na kila nyumba itenge chumba, hata kiwe duni vipi, kwa ajili ya mgeni asiye na pa kulala. Waliojitetea kuwa Biblia ni ya watawa aliwajibu kwamba mwenye mke, watoto na shughuli za mjini ndiye anayeihitaji zaidi, kwa maana ndiye aliye vitani.

Kinywa hicho hicho kilitamka pia maneno machafu. Mnamo 386 na 387, akiwakanya Wakristo waliohudhuria sikukuu za Kiyahudi, alitoa mahubiri manane yaliyojaa matusi dhidi ya Wayahudi. Watetezi wake husema hayo yalikuwa mazoea ya wasemaji wa zama zile. Huenda, lakini maneno hayo yalinukuliwa na wenye chuki kwa karne nyingi, na umahiri wa aliyeyasema uliyaongezea makali.

Mwaka wa 398 alifanywa askofu mkuu wa Konstantinopoli, Istanbul ya leo. Alitolewa Antiokia kwa hila, kwani serikali ilihofia wenyeji wangezua fujo wakigundua anachukuliwa. Mji mkuu ulikuwa umezoea maaskofu wa karamu. Huyu mpya, kwa sababu ya tumbo lake na hulka yake, alikula peke yake. Alipunguza matumizi ya makao ya askofu, fedha zilizookolewa akazielekeza kwa hospitali, na viongozi wa dini waliojilegeza akawabana.

Mwaka wa 399 Eutropius, mkuu wa nyumba ya Kaisari Arcadius aliyefanikisha uteuzi wake, alianguka kutoka mamlakani. Mtu huyo ndiye aliyekuwa amedhibiti haki ya wakimbizi kujisitiri kanisani. Sasa alikimbilia kanisani mwenyewe, akaishika madhabahu huku umati ukidai auawe. Krisostomo aliketi mahali pa kusomea Maandiko ili asikike vyema, akahubiri juu ya ubatili wa vyeo huku mfano hai ukitetemeka mbele ya macho ya watu. Wapo waliolalamika kuwa alimkanyaga aliyekwisha kuanguka. Hata hivyo, alikataa kumkabidhi kwa askari. Eutropius aliuawa baadaye, baada ya kutoka katika hifadhi hiyo.

Maneno aliyoyatoa Antiokia yakapendwa yalisikika vingine karibu na kasri, ambako kila shutuma dhidi ya mapambo ya wanawake ilidhaniwa kumlenga Eudoxia, mke wa Kaisari. Theophilus, askofu wa Aleksandria, aliyekuwa ameitwa mjini kujibu mashtaka ya watawa kutoka Misri, aliutumia uhasama huo. Mshtakiwa akageuka hakimu. Mwaka wa 403, katika kikao kilichojulikana kama Sinodi ya Mwaloni, Krisostomo alivuliwa wadhifa kwa mashtaka yaliyojumuisha kuuza mawe ya marumaru ya kanisa na kula peke yake. Alifukuzwa, akarejeshwa mara moja kufuatia ghasia za umma, kisha ugomvi ukafufuka sanamu ya fedha ya Eudoxia iliposimamishwa karibu na kanisa kuu. Juni 404 aliondolewa kabisa.

Alipelekwa Cucusus, mji mdogo katika milima ya Armenia ya wakati huo. Kutoka huko aliandika barua zaidi ya 200, 17 kati yazo zikiwa kwa Olympias, shemasi mwanamke aliyekuwa ametumia utajiri wake kwa maskini na ambaye sasa alielemewa na huzuni. Mgonjwa wa tumbo, aliyezingirwa na baridi na majambazi, ndiye aliyekuwa akimfariji aliyebaki mjini. Barua hizo ziliwaudhi maadui zake kuliko mahubiri. Mwaka wa 407 iliamriwa apelekwe mbali zaidi, hadi Pityus katika pwani ya Bahari Nyeusi. Alitembezwa juani na mvuani, akafariki njiani karibu na Comana mnamo Septemba 14, 407.

Mwaka wa 438 Theodosius wa Pili, mwana wa Arcadius na Eudoxia, aliurejesha mwili wake Konstantinopoli kwa heshima. Masalia yanayoaminika kuwa yake yaliishia Roma, na Novemba 2004 Papa Yohane Paulo wa Pili alimkabidhi Patriaki Bartholomew wa Konstantinopoli sehemu yake. Nchini Kenya, Waorthodoksi husali kwa liturujia yenye jina la Krisostomo, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine za nchini. Kanisa lao liko chini ya Upatriaki wa Aleksandria, unaofuatilia asili yake hadi kiti kile kile alichokikalia Theophilus.