Dawa Inayosubiri Mwanga

Iko dawa inayopakwa juu ya ngozi ambayo haianzi kazi yake mpaka imulikwe.

Mwishoni mwa miaka ya 1890, huko Munich, Ujerumani, mwanafunzi wa udaktari Oscar Raab alitia rangi katika maji yenye vijidudu visivyoonekana kwa macho. Gizani vijidudu viliishi. Penye mwanga vilikufa upesi. Mwaka 1903 mwalimu wake, Hermann von Tappeiner, alianza kuijaribu njia hiyo kwa wagonjwa wa saratani ya ngozi.

Siku hizi daktari hupaka dawa penye ugonjwa, hungoja saa kadhaa, kisha humulika kwa taa maalum. Mwanga ukikutana na dawa, sumu hutokea palepale na kuua chembe zilizougua. Mgonjwa husikia kuungua, asistuke. Kwa siku mbili hivi sehemu hiyo ifunikwe isipigwe na jua.

Lakini mwanga huu hupenya milimita chache tu. Uvimbe mnene hauufai. Huo mara nyingi hukatwa. Basi kidonda kisichopona kwa mwezi mzima kionyeshwe hospitali kingali kidogo, hasa kwa ndugu zetu wenye ualbino, ambao jua huwaumiza zaidi. Wala usijipake dawa yoyote ukakaa juani ukidhani ni sawa na taa ile!

Je, fizi? Madaktari wengine wa meno hutia rangi ya buluu kati ya fizi na jino, wakamulika ili kuua vijidudu. Ila taa haiondoi ugaga. Fizi zikitoka damu unapopiga mswaki, nenda ukakwanguliwe ugaga kwanza.